Mlezi wa Nusu Siku

Mwaka ule kila mtu Garissa alikuwa akitafuta kazi, na mimi niliyekuwa na kazi ya kutoa sikumpata wa kuifanya. Nikiwasimulia watu leo wanadhani natia chumvi. Nilizunguka mji wiki saba nzima, nikirudi nyumbani jasho limenikaukia mgongoni, na bado binti yangu alikuwa akilala ndani ya beseni chini ya meza yangu, katika darasa la tano nililofundisha, shule ya msingi ya wasichana.

Alikuwa na miezi minne kasoro. Baba yake alikuwa bara, ambako kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu mara mbili, na yeye akaangukia awamu ya pili. Kwa hiyo mshahara ulikuwa wangu tu, na wangu ulikuwa huku, ng'ambo ya mto Tana, nilikoletwa na barua ya serikali nikiwa bado msichana. Kuacha kazi halikuwa jambo la kuzungumza. Walimu wengi wa bara waliojifungua wakiwa Garissa walifanya jambo moja: mtoto akitimiza miezi mitatu wanapanda naye basi, wanamwacha kwa nyanya yake, na wanamwona likizo kwa likizo. Nilikuwa nimewaona wakirudi vifua vimejaa, wakikamua maziwa chooni wakati wa mapumziko. Niliapa mimi sitafanya hivyo. Niliapa kwa sauti, mbele yao, na nadhani ndiyo sababu waliponiona nahangaika hawakunihurumia sana.

Mwalimu mkuu, mzee mpole, Msomali wa Kutulo ambaye mara nyingine p ilimtoka kama b, alinivumilia na lile beseni muda mrefu kuliko nilivyostahili. Akipita darasani kwangu alijifanya haoni. Kisha siku moja mkaguzi akaja bila taarifa, mtoto akalia katikati ya somo la hesabu, na wasichana wote wakaangua kicheko. Mchana nikaitwa ofisini.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi niko na watoto tisa. Najua. Lakini huyu mtu akirudi akute mtoto tena, ataandika wewe na ataandika mimi. Nimekubatia mbaka shule ifungwe. Baada ya hapo tafadhali."

Hakumalizia. Hakuwa mtu wa kumalizia maneno magumu.

Tulikuwa akina mama watatu wenye shida moja. Mmoja alikuwa nesi, jirani yangu katika nyumba za serikali, mwenyeji wa magharibi ambaye kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Wa tatu alikuwa karani katika ofisi za wilaya, Msomali wa Mandera aliyesomea bara na kuongea Kiswahili safi kuliko mimi. Nesi alikuwa na mvulana anayekaribia miaka miwili, karani mvulana wa miaka miwili na nusu. Tulikuwa tumetenga chumba kimoja nyumbani kwa nesi, tukakitandika mikeka, na kumweka humo mke wa dereva mmoja wa kampuni iliyojenga barabara awe akitulelea. Kampuni ya barabara ilipofungasha virago, dereva naye akafungasha, na mlezi wetu akaondoka naye bila hata kumaliza mwezi. Wenzangu wakaniambia wewe ndiye mwalimu, unajua kusema na watu, tutafutie mwingine.

Hatukuweza kulipa siku nzima. Dawa hospitalini zilikuwa zimeanza kulipiwa, bei ya sukari ilibadilika kati ya asubuhi na jioni, na kila mmoja wetu alikuwa na jamaa wawili watatu walioachishwa kazi wakimwangalia mkononi. Tulihitaji mtu wa saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Saa saba Garissa yote inalala, maduka yanafungwa, mbuzi wenyewe wanajibana kwenye kivuli cha ukuta. Kuanzia hapo tungepokezana sisi kwa sisi. Nilidhani ni jambo jepesi. Pembeni mwa mji kulikuwa na familia ambazo ng'ombe wao walikufa wote kwenye ukame, zimejenga vibanda vya matawi na maboksi, na kila asubuhi wanawake walipita wakiuliza kama kuna chochote. Nilifikiri nitaweka tangazo jioni, na kesho yake nitawakuta wamepanga foleni mlangoni.

Tangazo la kwanza lililiwa na mbuzi. Sisemi mzaha, nililibandika kwa uji wa unga, na mbuzi wa Garissa anapenda karatasi, sembuse karatasi yenye uji. La pili nililibandika ndani ya duka la mama mmoja aliyetuuzia mchele. Alilisoma polepole, kisha akanitazama kama mtu anayetaka kucheka lakini amefunzwa adabu. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: ANATAKIWA YAYA. Lilikaa hapo siku kumi na mbili. Hakuja mtu.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza kwa mdomo, na kwa mdomo walikuja, lakini walikuja vile walivyokuja. Wa kwanza alikuwa binti wa bara aliyemaliza kidato cha nne, na vyeti vyake ndani ya bahasha. Alilea vizuri siku mbili. Siku ya tatu akasikia kwamba kule kambini, Dadaab, mashirika yanatafuta watu wa kuandika majina ya wakimbizi, na kwamba mshahara wa huko ni mara nne ya wetu. Akadandia lori la maji. Sikumlaumu, hata mimi ningedandia. Kambi ilikuwa imewafagia wote waliojua kusoma, na sisi tulikuwa tukiokota mabaki.

Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyetaka kulala kwetu, kula kwetu na kuvaa kwetu. Nilipomweleza kwamba ni nusu siku, alifikiri kidogo, akaniuliza, "Sasa mimi nitakula nusu?" Akaenda zake. Wa tatu alikuwa muuza maziwa kutoka upande wa Kotile, mwanamke safi, mwenye mikono ya mtu anayejua watoto. Yeye alikataa kabla sijataja mshahara. Maziwa huuzwa asubuhi, akaniambia. Jua likipanda yanaharibika, na ninyi asubuhi ndiyo mnayoitaka. Niligundua basi kwamba mji mzima uliishi ile nusu ya siku tuliyoitaka sisi. Foleni ya maji ilikuwa asubuhi. Mgao wa mahindi ulikuwa asubuhi. Soko la mifugo lilikuwa asubuhi. Tulikuwa tunaomba ile saa ambayo mtu maskini hana ya kutoa, kisha tunashangaa mbona maskini hawaji.

Akaja pia mwanamume mmoja kwa niaba ya mke wake. Alikaa kwenye kiti changu pekee chenye mto, akanywa chai vikombe viwili, akauliza kama wanaume hupita nyumba ile, kama mke wake atatumwa dukani, na kama watu watamwita yaya. Nikasema tutamwita anavyotaka. Akasema insha'Allah, akaaga, na sikumwona tena.

Karani ndiye aliyenifungua macho, akiwa amechoka nami kuliko nilivyochoka mwenyewe. "Dada," akaniambia, "unawauliza vibaya. Hapa mtoto wa jirani analelewa bure. Ukimwambia mwanamke utamlipa ashike mtoto, unamwambia ni mtumishi. Afadhali alale njaa. Toa hilo neno lako. Sema una mtoto na huna mtu."

Nikajaribu hivyo. Nilienda kule vibandani mwenyewe mchana wa Ijumaa, mtoto mgongoni, na badala ya kusema natafuta mfanyakazi nikasema nina mtoto na sina mtu. Nilisikia aibu kusema. Katika miaka yote ya kusimama mbele ya darasa sikuwahi kujiona mdogo hivyo. Wanawake walinisikiliza, wakazungumza wao kwa wao, kisha mmoja akaniita kwa ishara.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mdogo kwangu labda kwa miaka miwili. Ametoka Hadado. Ng'ombe wote waliisha, ngamia wachache waliobaki mumewe aliondoka nao kufuata malisho, na yeye akaja kukaa kwa dada yake akiwa na mtoto wa kiume wa miezi sita. Aliweka masharti yake papo hapo, akihesabu kwa vidole.

"Mimi hapana osha nguo. Hapana bika. Mtoto tu. Mtoto yangu nakuja na mimi. Adhuhuri mimi naenda nyumbani."

Nilikubali yote, na kama angeongeza mengine kumi ningeyakubali pia.

Miezi mitatu iliyofuata ndiyo pekee ya mwaka ule ninayoikumbuka bila kuumwa kichwa. Alifika jua halijapanda, akafagia chumba ingawa hakuna aliyemwambia, akaketi katikati ya mkeka na watoto wakampanda kama kichuguu. Hakuwa na vitu vya kuchezea. Aliwaimbia, akawachana nywele, akawafundisha wavulana kukaa kimya anaposwali. Yeye alimwita binti yangu gabar, yaani msichana kwa Kisomali, kama mtu anavyomwita mtoto wa mtu. Mwalimu mkuu aliona beseni limeondoka, akanipa mkono barazani. Nilianza kulala usingizi.

Lakini maziwa yangu yalikuwa yakipungua. Sijui ni joto, sijui ni mawazo, au ni zile barua za mume wangu ambazo kila moja ilianza na habari njema na kumalizika na ombi. Mtoto alikataa maziwa ya kopo. Aliyatema, akayatapika, akapiga chupa teke. Siku ya mtihani wa majaribio wa darasa la nane nilizuiwa shuleni hadi saa tisa, na nilikimbia nyumbani nikijua nitamkuta amelia hadi sauti imekauka. Nilimkuta amelala mapajani mwa yule mama, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amepitisha adhuhuri. Mtoto alikuwa na tone la maziwa pembeni mwa mdomo, na chupa ilikuwa imejaa vilevile nilivyoiacha.

Nilielewa. Kwanza niliona wivu mkali. Halafu nikaona nafuu, na nafuu ikaushinda wivu kwa mbali.

"Yeye nalia sana," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Mara moja tu."

Kesho yake asubuhi nilimwambia kwamba mtoto akilia amnyonyeshe, asingoje. Nilisema haraka, daftari kwapani, kama mtu anayeagiza nguo zianuliwe mvua ikija. Alimweka mwanawe chini, akaniangalia usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Wewe najua hii kitu?" akauliza.

"Najua."

"Baba yake najua?"

"Anajua pia," nikasema, kwa sababu kengele ya shule ilikuwa imelia na mume wangu hakujua lolote. Nilidhani ananiuliza kama nitaona kinyaa. Nilidhani ananiuliza kama baadaye nitamgombeza. Nilikuwa nimeishi Garissa miaka sita, nikijua bei ya kila kitu sokoni na majina ya mabulla yote, yaani mitaa ya mji, na sikujua nilichokuwa nimeulizwa.

Wiki moja baadaye alikuja na shangazi yake, mwanamke mzee aliyeshika fimbo. Walikaa. Nilidhani wanataka nyongeza ya mshahara, na moyoni nilikuwa tayari nimeshaandaa maneno ya kukataa. Shangazi alinyoosha kidole kimoja kwa mtoto wangu, kimoja kwa mtoto wao, akaviweka sambamba. Akasema maneno mengi kwa Kisomali, na yule mama akayafupisha.

"Mara tano imebita. Hii sasa mtoto yangu. Hii na hii ni ndugu. Besa ya mtoto yangu mimi hapana kula."

Jioni nilimfuata karani, naye akakaa chini kabisa. Akaniuliza kama nilimruhusu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama yule mama aliniuliza kwanza, na kumuulizia baba. Nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba kwao mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano akashiba, amekuwa mtoto wa huyo mwanamke, na watoto wake ni ndugu zake, hawawezi kuoana hadi kufa, na mume wake ni baba. Si mfano, akasema. Si kama mnavyosema mama wa ubatizo. Ni mtoto. Ndiyo maana alikuuliza, na ndiyo maana alimuulizia baba.

"Huyo si mlezi wako tena," akasema. "Watoto wetu bado ni mlezi wao. Wako, hapana."

Nami nilifanya nini? Nilifurahi. Naona haya kuandika, lakini nilifurahi, kwa sababu mwezi ule mume wangu alikuwa ameandika tena, na mlezi anayekataa mshahara katika hali ile ilikuwa kama mvua. Sikumwandikia mume wangu jambo lenyewe. Wenzangu waliendelea kulipa sehemu zao, mimi nikawa naleta sukari na majani ya chai mara mojamoja, na nilijiambia kwamba mila za watu zina utu ndani yake. Nesi alicheka akasema mimi nina bahati ya mtende. Kilichobadilika kwa yule mama kilikuwa kidogo tu. Hakumwita tena binti yangu gabar. Alimwita hooyo, mama, vile mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake wa kumzaa, na mtoto aligeuka akisikia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa nguvu. Mto ulivimba hadi chini ya daraja, barabara zikakatika, na ndani ya wiki mbili mji ulianza kupungua watu. Vibanda vilibomolewa kimoja kimoja. Walioingia kwa miguu walitoka kwa miguu, kwa sababu huko walikotoka nyasi zilikuwa zimeota. Nilitazama haya yote kwa dirisha la darasa na sikufikiri yananihusu.

Alikuja Jumamosi asubuhi, siku ambayo si ya kazi. Mwanawe alikuwa mgongoni, kifurushi kichwani, na shangazi alikuwa amesimama njiani na punda. Mumewe ametuma habari, akasema. Hadado kumenyesha, ngamia wamezaa, maziwa yapo. Wanaondoka leo. Kisha akatandaza kanga ndogo mlangoni pangu, akaipiga vumbi, na nikaelewa kwamba kanga ile ilikuwa ya kumbebea binti yangu.

"Hooyo nakuja na mimi," akasema. "Hapa wewe hapana mtu. Kule maziwa mingi. Shule nafunga, wewe nakuja chukua yeye. Mimi nangoja."

Leo nikilitafakari, lilikuwa jambo la busara. Alinijua. Alijua kwamba Jumatatu sitakuwa na mtu, alijua maziwa yangu yamekauka, alijua chupa inapigwa teke. Alikuwa akiniambia, mama mmoja kwa mwingine, kwamba kwa miezi miwili atabeba zamu yote. Lakini siku ile nilichokisikia ni kwamba mwanamke wa vibandani anataka kuondoka na mtoto wangu kwa punda. Nilipandwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na woga mwingi ndani yake.

"Nilikuajiri umlee," nikamwambia. "Nusu siku. Sikukupa mtoto."

Alibaki ameinama juu ya kanga.

"Wewe nilisema najua," akasema polepole. "Mimi naliuliza. Wewe nilisema najua. Baba najua."

"Sikujua."

Alifikiri juu ya hilo. Sidhani aliwahi kukutana na mtu aliyejibu swali lile kwa uongo. Hakupaza sauti, hakunilaani. Alikunja kanga, akaitia kifurushini, akaniomba amshike mtoto kidogo amuage. Alinyoosha mikono. Binti yangu alikuwa begani kwangu, na alipoiona ile mikono alijirusha mbele kwa mwili wake wote, kama alivyofanya kila asubuhi.

Sikumpa. Niliogopa kwamba akimshika hatamrudisha. Niliingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikasimama katikati ya nyumba nikimkaza mtoto aliyekuwa akilia na kunisukuma kifuani. Yule mama alikaa nje muda mrefu. Alisema neno moja mara kwa mara, lile lile hooyo, si kwangu. Kisha nikasikia kwato za punda.

Jambo hilo nimelibeba peke yangu. Nesi alipouliza nilisema mama amerudi kwao, na hakuuliza zaidi. Karani hakuuliza kabisa. Nadhani alisikia kwingine, kwa sababu baada ya hapo aliacha kuniita dada, akawa ananiita mwalimu kama watu wengine wote.

Nilianza tena kutafuta. Nilienda vibandani nikakuta majivu na makopo. Muuza maziwa alikuwa amerudi Kotile. Kwenye duka la mchele sikuthubutu kubandika karatasi nyingine. Siku nane mtoto alikataa chupa, akalala kwa kuchoka kulia, na siku ya tisa mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa langu akalitazama beseni, safari hii bila kujifanya haoni. Jumamosi nilipanda naye basi. Tulivuka daraja katika msafara wa magari ya askari, na jioni ya pili nilimweka mikononi mwa mama yangu, kijijini, kwenye baridi, nikamwambia ni mpaka Desemba tu.

Desemba nilimkuta amenenepa, anatambaa, na alinijua baada ya siku moja. Nilikaa naye wiki tatu. Nilikuwa nimepanga kurudi naye, lakini baba yake hakuwa amepata kazi na Garissa sikuwa nimepata mtu, na mama yangu akasema, "Mwache kwanza akomae." Nikasema mpaka Aprili. Aprili nauli zilikuwa zimepanda tena na walimu tuliopewa darasa la nane mwaka huo tuliombwa kubaki. Ningeweza kukataa. Wengine walikataa. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ule ulinifanya nione kila jambo lililo mbali kuwa linaweza kungoja.

Nilifika Agosti, mchana. Mama alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba. Binti yangu alikuwa amesimama uani kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kijiti, na mimi sikuwa nimemwona akitembea hata hatua moja. Nilitua mfuko wangu. Nilimwita kwa jina, nikachuchumaa, nikafungua mikono.

Hakulia wala hakukimbia. Alinitazama kidogo, akaangusha kijiti, akaja hadi mbele yangu akichunga asianguke. Kisha akainamisha kichwa na kuninyooshea mkono, vile mama yangu alivyomfundisha kuwasalimia wageni. Niliupokea, nikamsalimia.